Uvimbe wa Shingo Rungwe Usiendelee Kuzoeleka

Msasani tunayoizungumzia hapa si ile ya ufukweni Dar es Salaam. Ni kata ya mjini Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe, nchi ya mvua nyingi, migomba na chai. Katika nyanda hizo za juu za kusini uvimbe wa shingo si jambo geni hata kidogo. Kwa vizazi vingi rovu lilikuwa sehemu ya maisha: bibi alikuwa nalo, mama akawa nalo, na lilipoanza kumjaa binti shingoni hapana aliyeshtuka. Halikumzuia mtu kulima, kuolewa wala kuzaa, na kwa hiyo halikuhesabiwa kuwa ugonjwa.

Mazoea hayo hayana budi kuvunjwa. Si kwa sababu kila rovu ni saratani, la hasha. Marovu mengi sana si saratani wala hayatakuwa saratani. Yavunjwe kwa sababu shingo iliyozoeleka kuvimba ni maficho mazuri ya saratani, na elimu iliyopatikana katika miaka ya karibuni kuhusu jinsi jeni zinavyofunguliwa na kufungwa ndani ya mwili inaonyesha kwamba saratani hii haikai bure katika muda inaopewa wa kujificha.

Kwanza tuitazame tezi yenyewe. Tezi dundumio imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, na umbo lake ni kama la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoendesha joto la mwili, mapigo ya moyo, kukua kwa mtoto na kupevuka kwa ubongo wake tangu akiwa tumboni mwa mama. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila iodini, ambayo wananchi wengi wanaijua kwa jina la madini joto. Iodini iko kwa wingi baharini. Milimani, mvua za maelfu ya miaka zimeiosha na kuiondoa ardhini, na chakula kinachoota hapo hutoka na upungufu ule ule. Tezi inapokosa iodini, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huipelekea homoni ya kuiamuru ifanye kazi zaidi, nayo kwa kutii hukua. Hilo ndilo rovu.

Taifa halikukaa kimya mbele ya hali hiyo. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kwa wastani watoto 25 katika kila watoto wa shule 100 walikuwa na rovu. Vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kisheria wa kutia iodini katika chumvi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004, uliowapima watoto wa shule zaidi ya 140,000, ulikuta wastani huo umeshuka hadi 7 katika kila 100, na kaya karibu 84 katika kila 100 zilikuwa zinatumia chumvi yenye iodini. Katika historia ya afya ya nchi hii ni mambo machache yaliyofanyika kwa gharama ndogo kiasi hicho yakaleta manufaa makubwa kiasi hicho, na inashangaza kwamba hatulisemi mara kwa mara.

Hata hivyo chumvi haikufuta yaliyotangulia. Mtu aliyezaliwa Tukuyu mwaka 1970 alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 20 chumvi hiyo ilipoanza kuenea. Tezi iliyosukumwa kukua kwa miaka 20 hujaa vinundu, na vinundu vya zamani mara nyingi havinywei kwa sababu tu mwenye navyo amebadili chumvi. Aidha, imejulikana kwa muda mrefu kwamba katika nchi zenye upungufu wa iodini saratani ya tezi hii huwa na sura yake. Ipo aina iitwayo papilari, ambayo kwa kawaida huenda polepole na hutibika vizuri. Ipo folikula, ambayo hupenda kusafiri katika damu. Ipo medula, ambayo mara nyingine hurithiwa katika ukoo. Na ipo anaplastiki, ambayo ni adimu lakini ni kali mno, kiasi kwamba wengi wanaoipata hawafikishi mwaka mmoja. Mahali penye upungufu wa iodini folikula na anaplastiki huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko mahali pengine. Iodini ikipatikana, papilari ndiyo inayotangulia. Kwa maneno mengine, wilaya kama Rungwe imeachiwa na historia yake sababu ya kuziangalia kwa makini zile aina zilizo mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye jeni. Kila seli ya mwili wa binadamu ina jeni zile zile, kiasi cha 20,000 zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini. Seli ya tezi na seli ya mfupa wa paja zimekabidhiwa ghala moja lenye vyumba vile vile. Kinachozitofautisha ni vyumba vipi vimefunguliwa na vipi vimefungwa, na wanaoamua hilo ni watunza ghala, yaani protini maalumu zinazoshika mlango wa jeni na kuifungua au kuifunga. Katika tezi dundumio watunza ghala wakuu wanajulikana kwa majina ya PAX8, NKX2-1 na FOXE1. Hao ndio wanaofungua chumba cha kutengenezea homoni, na ndio wanaofungua chumba cha ile pampu inayovuta iodini kutoka katika damu na kuiingiza ndani ya seli. Jeni ya pampu hiyo ilitambuliwa mwaka 1996. Msomaji aiweke akilini, maana tutairudia.

Watu wengi hudhani kwamba saratani ni kitu kigeni kilichoingia mwilini kutoka nje. Sivyo. Ni seli ya mwili wenyewe ambayo utaratibu wa funguo zake umevurugika. Katika saratani ya papilari kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote limo katika jeni iitwayo BRAF. Herufi moja tu ya maandishi yake imebadilika. Protini inayotokana na jeni hiyo ilikuwa na kazi ya kupitisha amri ya kukua pale tu amri inapotolewa. Baada ya kosa lile inapitisha amri usiku na mchana bila kuamriwa na mtu. Kosa hili liligunduliwa katika saratani mbalimbali mwaka 2002, na mwaka uliofuata likakutwa katika tezi dundumio. Katika nchi nyingi zilikofanywa hesabu, karibu nusu ya saratani za papilari, au zaidi, zinalo.

Lakini BRAF peke yake haitoshi kueleza kwa nini mgonjwa mmoja hupona na mwingine hurudiwa na ugonjwa mapafuni. Mwaka 2013 watafiti walionyesha jambo ambalo kwa maoni yetu lilistahili kujulikana zaidi ya kuta za maabara. Ipo jeni iitwayo TERT, ambayo kazi yake ni kurefusha ncha za kromosomu ili seli iendelee kugawanyika bila kuchoka. Katika seli nyingi za mtu mzima jeni hiyo imefungwa, na kwa sababu hiyo seli huzeeka na kufa kwa wakati wake. Katika saratani kali za tezi ilikutwa imefunguliwa. Na ajabu yake ni kwamba maandishi ya jeni yenyewe hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mlangoni, herufi 124 au 146 kabla ya mahali jeni inapoanzia. Herufi moja ilipobadilika pale, lilitokea tundu jipya la ufunguo, na funguo zinazoliingia ni protini za jamii ya ETS, ambazo hupewa nguvu na ile ile amri isiyokoma ya BRAF. Hivyo makosa mawili yameshikana mikono: moja limetoboa tundu, jingine linazungusha ufunguo. Wagonjwa wenye makosa yote mawili hurudiwa na ugonjwa na hufa kwa kiwango kikubwa kuliko wenye moja tu.

Kusambaa nako kuna utaratibu wa namna hiyo hiyo. Seli za tezi hukaa pamoja kwa sababu zina protini za kuzigandisha, na mojawapo iliyo muhimu ni kadherini ya aina E. Saratani inapokomaa, jeni ya protini hiyo hufungwa. Mara nyingine hufungwa bila herufi hata moja kubadilika: vialama vidogo vya kikemikali hubandikwa juu yake kama kufuli, nayo hunyamaza. Wakati huo huo hufunguliwa jeni ambazo seli ilizitumia zamani, mtoto alipokuwa anaumbwa tumboni na seli zilihitaji kuhama kutoka mahali hadi mahali. Vipo pia vipande vidogo mno vya RNA, kama kile kiitwacho miR-146b, ambavyo kazi yao ni kuyazima maagizo yaliyokwisha kutoka kwenye jeni. Katika saratani ya papilari baadhi yao hujaa kupita kiasi. Mwisho wa yote hayo ni seli iliyoachana na jirani zake. Ya papilari huelekea kwanza kwenye tezi za limfu za pembeni mwa shingo. Ya folikula huingia katika mishipa ya damu na kutua mapafuni au mifupani, na ndiyo maana mtu huweza kufika hospitali akilalamikia mgongo, au mfupa uliovunjika bila ya kuanguka, kumbe chanzo ni kinundu cha shingoni ambacho hakuna aliyekitilia maanani kwa miaka 15.

Turudi sasa kwenye ile pampu ya iodini. Tangu miaka ya 1940 madaktari wamekuwa na dawa ambayo saratani nyingine hazina mfano wake. Mgonjwa hupewa iodini yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 8. Kwa kuwa karibu ni seli za tezi pekee zinazoivuta iodini kwa wingi, mionzi hiyo huzifuata popote zilipokimbilia, hata mapafuni, na kuziua huko huko. Nchini mwetu tiba hiyo hutolewa Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Lakini sharti lake ni moja: seli ya saratani iwe bado inaifungua jeni ya pampu. Ile amri isiyokoma ya BRAF huifunga. Seli iliyosahau kwamba ilikuwa ya tezi haivuti tena iodini, na mgonjwa hunywa dawa ikapita mwilini bila kumgusa adui.

Mwaka 2013 madaktari wa New York walijaribu kuufungua tena mlango huo kwa dawa iitwayo selumetinib, ambayo hupunguza amri ile ya kukua. Kati ya wagonjwa 20 waliopimwa, 12 seli zao zilianza tena kuvuta iodini zaidi, na 8 walifikia kiwango cha kuweza kupewa tiba ya mionzi. Ni hatua ya kutia moyo, lakini ni hatua ya gharama, na kwa mkulima wa chai wa Rungwe bado iko mbali. Njia iliyo karibu naye ni kuiwahi seli kabla haijaufunga mlango.

Hapo ndipo suala la jeni linapoacha kuwa la maprofesa peke yao. Uvimbe ulioachwa miaka mingi haukui kwa ukubwa tu. Katika baadhi ya watu unabadilika tabia, kosa juu ya kosa, mpaka dawa ambayo ingeufaa mwaka wa kwanza haiufai tena mwaka wa kumi. Saratani za anaplastiki nyingi hukutwa zikiwa na mabaki ya papilari au folikula ndani yake, dalili kwamba zilianzia kwenye ugonjwa uliokuwa bado unatibika.

Je, tuwaite basi wananchi wote wa Msasani na Tukuyu nzima wapimwe shingo kwa mashine? Hapana, na wanaoshauri hivyo wajifunze kutoka Korea Kusini. Huko, tangu mwaka 1999 ulipoanzishwa mpango wa taifa wa kuchunguza saratani, watu wengi walipimwa na tezi zao kwa kulipa nyongeza ndogo. Kufikia mwaka 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, lakini idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Maelfu ya watu walikatwa tezi kwa ajili ya vijisaratani vidogo ambavyo visingewadhuru maishani. Nchi yenye madaktari wachache wa upasuaji haiwezi kumudu kosa la namna hiyo.

Kinachotakiwa ni kidogo zaidi na kina maana zaidi. Mwenye uvimbe unaoonekana au kushikika apimwe, hasa ukiwa mgumu, ukiwa umekua haraka, sauti ikikwaruza bila mafua, kumeza au kupumua kukiwa kwa shida, au pakitokea vinundu vingine pembeni mwa shingo. Wanawake waangaliwe zaidi, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata karibu mara 3 kuliko wanaume. Mama anayekuja kliniki na mtoto, shingo yake iko mbele ya macho ya mwuguzi kila mwezi. Kuishika na kuuliza swali moja hakuhitaji bajeti.

Kipimo cha kwanza chenyewe si cha ajabu. Ni sindano nyembamba, bomba lake, vioo viwili vya hadubini na spiriti ya kuhifadhia. Seli chache huvutwa kutoka kwenye kinundu na kupakwa kwenye kioo. Daktari au tabibu wa wilaya aliyefundishwa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Anayehitajika kuwa mbali ni mtaalamu wa kuzisoma, na hapa ndipo tunapotaka wakubwa wa afya wabadili utaratibu. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kiasi cha kilomita 70, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kwa nini mwenye kinundu asafiri umbali huo, aache shamba na watoto, alale kwa jamaa, kusudi aambiwe kwamba hana saratani? Kioo kisafiri, mgonjwa abaki. Kioo hakili, hakilipi nauli kubwa wala hakihitaji pa kulala. Anayestahili kusafiri ni yule ambaye kioo chake kimeonyesha kwamba ana sababu ya kusafiri.

Hali kadhalika rovu linalokatwa kwa upasuaji lisitupwe bila kupimwa. Kipande kilichohifadhiwa katika nta hukaa miaka mingi, na jeni zake zinaweza kusomwa baadaye. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Karibu yote tuliyoyaeleza hapa kuhusu BRAF na TERT yalipatikana kwa wagonjwa wa Marekani, Ulaya na Asia, waliokulia katika mazingira tofauti na yetu. Tukuyu kina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, katikati ya watu ambao wazee wao waliishi bila iodini na wajukuu wao wameipata. Ni sehemu chache duniani zinazoweza kuonyesha vizazi hivyo viwili katika nyumba moja. Vipande hivyo vikihifadhiwa kwa utaratibu na kwa ridhaa ya wenyewe, swali la jeni zipi hufunguliwa katika saratani za nyanda zetu litajibiwa kwa miili ya watu wetu badala ya kukisiwa kutoka mbali.

Chumvi nayo isisahauliwe. Wapo wanaonong'ona kwamba chumvi ya madini joto ndiyo iliyoleta saratani. Ukweli ni kwamba pale iodini inapotosha, sehemu ya aina kali hupungua. Tena, tezi yenye njaa ya iodini huvuta kwa pupa hata iodini yenye mionzi; mwaka 1986 mtambo wa Chernobyl ulipolipuka, watoto wengi wa maeneo ya jirani walipata baadaye saratani ya tezi, na upungufu wa iodini katika maeneo hayo uliiongeza hatari. Wachumvi wadogo wasaidiwe kutia iodini, na chumvi ya kupimwa kwa kikombe sokoni ikaguliwe kama ile ya pakiti. Chumvi iliyoachwa wazi juani na mvuani hupoteza iodini yake hata kama ilitiwa vizuri kiwandani.

Liko jambo moja la mwisho, nalo husahauliwa na wengi mara mgonjwa anapotoka wodini. Aliyeondolewa tezi yote hunywa kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote. Kidonge hicho kinashika nafasi ya tezi iliyoondolewa, na vilevile kinainyamazisha ile homoni ya kuamuru kukua. Kikikosekana kwa wiki kadhaa, amri huanza kutumwa tena, na kama zipo seli za saratani zilizobaki, ndizo zitakazoisikia. Kila halmashauri inajua, au inaweza kujua kwa siku moja ya kazi, ni watu wangapi katika wilaya yake wameondolewa tezi. Idadi hiyo iandikwe, na maombi yanayopelekwa Bohari ya Dawa yafuate idadi hiyo, ili mtu wa Msasani akachukue kidonge chake Tukuyu kwa miguu.